Gari la milimani: petroli ya kawaida, petroli ya tabo au dizeli?

Mtu anahamishiwa Njombe kikazi, au amepata shamba Eldoret, na hela aliyonayo inatosha gari moja tu. Mbele yake kuna Probox ya 1.5, kuna Golf ya 1.4 yenye tabo, na kuna Hilux ya dizeli inayouzwa na jamaa yake. Kila anayemuuliza ana jibu lake. Mmoja anasema gari dogo huko juu litamuaibisha, mwingine anasema tabo ni kumfuga fundi, wa tatu anasema nunua lolote halafu ukalityuni, yaani ubadilishiwe programu ya kompyuta ya injini. Wote wana ukweli kidogo, ila kila mmoja anazungumzia gari lake na barabara yake.

Ninayolinganisha hapa ni magari ya EFI, yaani yenye noseli na kompyuta: petroli isiyo na tabo (feni inayosukuma hewa ndani ya injini), petroli yenye tabo, na dizeli ya tabo ya mfumo wa komoni reli, yaani bomba moja lenye mgandamizo mkubwa linalolisha noseli zote. Dizeli za zamani zenye pampu ya kawaida na zisizo na tabo, kama Hiace zile zinazopanda Kitonga zikiacha moshi mweusi nyuma, ni habari nyingine.

Kinachopungua huko juu

Usawa wa bahari, pale Dar, Tanga au Mombasa, mgandamizo wa hewa ni kama kilopaskali 101. Mbeya mjini na Nairobi, kwenye mita 1,700 hivi, unashuka hadi 82 au 83. Eldoret, mita 2,100, ni kama 79. Ukivuka Timboroa, zaidi ya mita 2,700, unakaribia 72. Injini huvuta hewa kwa ujazo, na ujazo wa silinda haubadiliki: silinda za 1.5 zinameza kiasi kilekile Tanga na Makete, ila lita moja ya hewa ya Makete ina oksijeni pungufu. Kwa injini isiyo na tabo, hesabu ya haraka ni kupoteza kama asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda.

Baridi inarudisha kidogo, na hili husahaulika. Hewa ya Dar saa saba mchana yenye nyuzi 32 ni nyepesi kuliko ingekuwa kwenye nyuzi 15. Kwa hiyo ukilinganisha gari lako mchana wa Dar na asubuhi ya Mbeya, hasara halisi inakaribia asilimia 14, wala si 19 ambayo mgandamizo peke yake ungekuonyesha.

Enzi za kabureta tatizo lilikuwa mara mbili. Nguvu ilipungua, na juu yake petroli ilizidi, kwa sababu kabureta haikuwa na njia nzuri ya kujua kwamba hewa imekuwa nyepesi. Plagi zilitoka nyeusi, moshi ukanuka petroli, na fundi alibadilisha jeti. EFI imeliondoa hilo la pili. Sensa ya MAF hupima uzito wa hewa inayoingia, au sensa ya MAP hupima mgandamizo ndani ya manifodi, njia ya hewa kuingia kwenye silinda, na kompyuta ikapiga hesabu. Kisha sensa ya oksijeni kwenye ekzosi inahakikisha mchanganyiko unabaki karibu na sehemu 14.7 za hewa kwa moja ya petroli.

Kwa hiyo kompyuta inapima mafuta yalingane na hewa iliyopo. Hewa isiyokuwepo haiwezi kuileta, na uchaguzi wote unazunguka hapo.

Tutapima kwa vigezo gani

Vitano vinatosha. Nguvu inayobaki ukiwa juu. Namna kompyuta inavyojirekebisha na mahali inapoweza kudanganywa. Mafuta, yaani ulaji pamoja na okteni, kipimo cha petroli kustahimili mgandamizo bila injini kugonga. Joto wakati wa kupanda na usalama wakati wa kushuka. Mwisho gereji: spea, fundi, na gharama ya kosa moja. Bei ya kununulia nimeiacha, maana inabadilika kila mzigo wa magari unaposhuka bandarini.

Petroli isiyo na tabo

*Nguvu.* Chukua injini ya Toyota 1NZ-FE ya cc 1,496, iliyojaa kwenye Probox, Premio na Allion. Ina nguvu farasi 109 hivi kwenye karatasi. Kwenye mita 2,000 hesabu kama 87. Kwa dereva peke yake barabara ya tambarare hilo halionekani. Linaonekana ukiwa na watu watano na magunia mawili ya viazi, nyuma ya semi, ukitafuta nafasi ya kuovateki. Jema lake ni kwamba hasara ni ya taratibu na inatabirika. Ukikanyaga inaitika palepale, kidogo lakini bila kukuhadaa.

*Kompyuta.* Hapa ndipo EFI inapofanya kazi yake kwa utulivu kuliko kwenye zote tatu. Gari la MAF linafuata hewa yenyewe mita kwa mita. La MAP, na Toyota nyingi za miaka ya 1990 ni za namna hiyo, linahitaji kujua mgandamizo wa nje pia, na baadhi ya mifumo hiyo huusoma pale unapofungua swichi, kabla injini haijawaka. Ukitoka Morogoro ukapanda hadi Iringa bila kuzima, kompyuta inaweza kuwa bado inatumia hesabu ya bondeni hadi utakapokanyaga mafuta yote au utakapozima. Kama gari la zamani linakuwa zito baada ya mpando mrefu, simama, zima, subiri kidogo, washa. Halihitaji fundi. Sailensa, yaani mzunguko wa injini gari likiwa limesimama, ikishuka sana huko juu, mara nyingi ni throto (mlango wa hewa wa injini) chafu: hewa nyepesi inapita kwa shida penye masizi yaliyovumilika pwani.

*Mafuta.* Mgandamizo ndani ya silinda ukipungua, hatari ya injini kugonga, yaani petroli kulipuka yenyewe vibaya ndani ya silinda, nayo inapungua, kwa hiyo petroli ya kawaida inaitosha vizuri zaidi milimani kuliko pwani. Ndiyo sababu majimbo ya milimani Marekani, kama Colorado, huuza petroli yenye okteni ya chini kuliko ya maeneo mengine, ingawa watengenezaji wa magari ya sasa hawaipendi. Ulaji nao haupandi kama watu wanavyodhani. Kwenye tambarare ya juu unafungua throto zaidi ili upate mwendo uleule, injini inavuta hewa kwa taabu ndogo, na upepo unaopinga gari ni mwepesi. Kwenye mpando hali inageuka: unashusha gia, mizunguko inapanda, na geji ya mafuta inashuka ukiiona.

*Joto na mteremko.* Injini ndogo inayopigishwa kelele kwa dakika ishirini inapata joto, na maji huchemka mapema mahali pa juu. Kifuniko cha rejeta cha 0.9 bar huongeza mgandamizo juu ya ule wa nje, kwa hiyo maji ambayo pwani yangechemka karibu na nyuzi 119 yanachemka kwenye 115 hivi ukiwa Eldoret. Tofauti ni ndogo kama kifuniko ni kizima. Kama mpira wake umekufa, maji yanaanza kuchemka kwenye nyuzi 93, joto ambalo injini nyingi hulifikia kila siku. Badilisha kifuniko kabla ya safari, ni kitu cha bei ndogo. Kushuka, throto ikifungwa injini inashika gari vizuri ukiwa gia ya chini.

*Gereji.* Hapa haina mpinzani. Noseli, sensa na plagi zinapatikana hadi Makambako, na fundi wa kijiji ameshaifungua injini hiyo.

*Anayefaa.* Mwenye mizigo myepesi, anayekaa huko muda wote, anayependa gharama inayojulikana. Asiyefaa ni anayejaza gari kila siku na kupanda.

Petroli ya tabo

*Nguvu.* Tabo inasukuma hewa ndani kwa nguvu ya ekzosi, kwa hiyo inaweza kufidia kilichopungua. Sema kompyuta inataka kilopaskali 180 ndani ya manifodi. Dar tabo inazidisha hewa ya nje mara 1.8. Eldoret inabidi izidishe karibu mara 2.3 kupata 180 zilezile. Inafanya hivyo kwa kuzunguka kasi zaidi, na kila tabo ina kasi ambayo kompyuta hairuhusu ivuke. Gari lililobakiza nafasi kiwandani utaona halijapoteza kitu. Lililokwisha kubanwa hadi mwisho litapoteza nalo, ingawa kwa kiasi kidogo kuliko lisilo na tabo.

Kuna jambo wauzaji hawalisemi: kabla tabo haijashika, wewe una injini ya 1.4 ndani ya hewa nyepesi, basi. Kuondoa gari kwenye mpando mkali, watu wamejaa, mizunguko iko chini, Golf ya 1.4 inaweza kusita pale ambapo Premio inaondoka kama kawaida. Pwani tabo inashika mapema. Juu inachelewa, kwa sababu hata moshi unaoizungusha umepungua. Dereva aliyezoea anajua kuipa mizunguko kwanza. Asiyezoea atalizima gari mara kadhaa.

*Kompyuta.* Ina kazi nyingi zaidi: inapima mgandamizo wa nje, wa kabla ya throto na wa manifodi, inafungua na kufunga njia ya pembeni ya tabo, na inarudisha nyuma muda wa cheche ikisikia injini inagonga. Ni akili kubwa, lakini inategemea mabomba. Bomba la mpira linalotoka tabo kwenda intakula, kipoza hewa ya tabo, likipasuka ufa mdogo, pwani utasikia mluzi tu, gari linaendelea. Milimani tabo ilikuwa tayari inafanya kazi ya ziada. Sasa inatakiwa kufidia na kinachovuja, inafika kikomo, taa ya injini inawaka na gari linajipunguza nguvu katikati ya mlima. Wengi wanaoambiwa tabo imekufa huwa wana bomba bovu au klipu iliyolegea. Fungua boneti, paka maji ya sabuni kwenye viungo, mwambie mtu akanyage, angalia povu.

*Mafuta.* Unafuu wa okteni niliousema juu hapa haupo. Tabo imeurudisha mgandamizo wa silinda kama wa pwani, na hewa iliyosukumwa zaidi imetoka na joto zaidi. Kama kitabu cha gari kinataka okteni 95, kinataka hiyo hata ukiwa Kitulo. Ulaji ni mzuri ukiendesha kwa utulivu, na mbaya sana usipofanya hivyo.

*Joto na mteremko.* Intakula inapoozwa na hewa ileile nyepesi, kwa hiyo inapooza pungufu. Baada ya mpando mrefu acha injini ing'urume dakika moja au mbili kabla ya kuzima, na oili ibadilishwe kwa wakati, ya daraja lililoandikwa kwenye kitabu. Kushuka, injini ndogo inashika gari kidogo, basi gia za chini zitumike mapema.

*Gereji.* Mijini mikubwa unapata mtu. Nje ya hapo unabahatisha, na kubahatisha kwenye tabo ni ghali.

*Anayefaa.* Anayesafiri mara kwa mara kati ya pwani na milima, anayetaka kuovateki bila hofu, aliye karibu na fundi mwenye mashine ya kupimia, na aliye tayari kununua oili nzuri. Asiyefaa ni anayesubiri gari liharibike ndipo alipeleke sevisi.

Dizeli ya tabo

*Nguvu.* Kwa mzigo, ni starehe. Hilux ya 2.8 au Prado ya 3.0 ina msukumo mkubwa kuanzia mizunguko ya chini, na ujazo wake mkubwa unaisaidia hata kabla tabo haijashika. Inapoteza kiasi fulani huko juu, lakini mwenye mzigo wa mahindi hataona sana. Mazda CX-5 ya 2.2 nayo, yenye tabo mbili zinazopokezana, imewavuta watu wengi wanaotaka dizeli isiyo pikapu.

*Kompyuta.* Dizeli haihesabu uwiano wa 14.7; inahesabu moshi. Inajua hewa iliyopo, kisha inaweka kikomo cha dizeli ili moshi mweusi usitoke. Hewa ikipungua, kikomo kinashuka, na ndiyo maana dizeli ya kisasa nzima haitoi moshi Timboroa. Ukiona Hilux ya komoni reli inatoa moshi mweusi mlimani, ama sensa ya hewa ni chafu, ama tabo inavuja, ama mtu ameshaichezea kompyuta.

*Mafuta.* Habari za okteni hapa hazipo. Cha kuangalia ni usafi. Nchi za Afrika Mashariki zilihamia dizeli ya salfa ya chini, sehemu 50 kwa milioni, Januari 2015, na hilo limesaidia injini hizi. Maji na uchafu kwenye madumu ya barabarani bado vinaua noseli, na noseli moja ya komoni reli inaweza kula bajeti ya sevisi ya mwaka mzima ya Probox.

*Joto na mteremko.* Inapanda kwa mizunguko ya chini, kwa hiyo kelele ni chache na joto linatulia kama rejeta ni safi. Kushuka ndiko watu wanakojidanganya. Dizeli nyingi hazibani hewa kama throto ya petroli inavyofanya, kwa hiyo injini peke yake haishiki gari kama uzito wake unavyohitaji. Na msaada wa breki wa vakyumu, kwenye magari yote ya hapa, unapungua milimani kwa sababu unategemea mgandamizo wa nje. Pikapu yenye tani moja kwenye mteremko wa Senjele inataka gia ya tatu kabla ya kuanza kushuka.

*Gereji.* Mafundi wa dizeli wapo wengi, wa komoni reli ni wachache, na wenye mashine sahihi ni wachache zaidi. Zilizotoka Japani zikiwa na kichujio cha masizi kwenye ekzosi zinataka safari ndefu za mara kwa mara. Zikiishi kwa kupeleka watoto shule kilomita mbili na kurudi, kichujio kinaziba.

*Anayefaa.* Mkulima, mwenye biashara ya mzigo, anayevuta trela, anayekwenda mbali. Haimfai anayezunguka mjini tu.

Haibridi nimeiweka pembeni, lakini isipuuzwe. Mota ya umeme haijali mwinuko, kwa hiyo kuondoka kwenye kilima ni rahisi hata kwa Aqua ndogo. Shida ni mpando mrefu usiokwisha: betri inakwisha kabla ya mlima, na unabaki na injini ndogo ya petroli isiyo na tabo.

Na kutyuni je?

Kwa petroli isiyo na tabo, kubadilisha programu ya kompyuta ili "irudishe nguvu za milimani" ni kununua kitu kisichouzwa. Mtyuni anaweza kusogeza mbele muda wa cheche, kwa kuwa injini huko juu haigongi kirahisi, ukapata kidogo. Siku utakaposhuka nalo Dar kwenye joto, cheche hiyo ya Mbeya inakuwa imewahi mno, na usipokuwa na sensa ya kugonga inayofanya kazi, pistoni ndizo zitakazolipa.

Kwa tabo, ya petroli au dizeli, kutyuni kunaongeza nguvu kweli. Ila akiba ya kasi ya tabo ambayo mtyuni anaitumia ndiyo ileile inayokufidia ukiwa juu. Mtyuni makini atakuuliza unaendesha wapi kabla ya kushika kompyuta. Asipouliza, shika njia yako. Na ukipewa karatasi ya mashine ya daino, ya kupimia nguvu za gari, iliyopimwa Nairobi, uliza kama namba zimerekebishwa ziwe za usawa wa bahari. Hesabu ya marekebisho hayo ilitungwa kwa injini isiyo na tabo. Kwa ya tabo, ambayo tayari imejifidia yenyewe, inatoa namba za kufurahisha ambazo gari halina.

Pima kabla ya kununua

Kile kidude cha Bluetooth cha ELM327, kinachochomekwa kwenye tundu la OBD chini ya usukani, kinatosha. Fungua swichi bila kuwasha injini, soma mgandamizo wa hewa kwenye simu. Dar uone karibu 101, Mbeya au Nairobi 82 au 83, Eldoret 79. Gari likikwambia 101 ukiwa umesimama Mbeya, sensa inasema uongo na kompyuta inamwaga mafuta kwa kufuata uongo huo. Usilinganishe na programu ya hali ya hewa kwenye simu; hiyo hutoa namba zilizokwisha kurekebishwa ziwe za usawa wa bahari, itakuchanganya.

Kwa gari la petroli, washa liache lipate moto, kisha angalia marekebisho ya muda mrefu ya mafuta, yaani kiasi ambacho kompyuta inaongeza au kupunguza mafuta. Yakiwa ndani ya asilimia 10 juu au chini, kompyuta na sensa zinaelewana. Yakizidi, tafuta sababu kabla ya kutoa hela.

Kwa hali yako

Unaishi Njombe, Iringa au Nakuru, gari ni la kazini, kanisani au msikitini na sokoni, fundi wako ni wa mtaani: petroli isiyo na tabo. Ukiweza, ruka kutoka 1.5 kwenda 1.8 au 2.0, maana ujazo ndio tabo ya maskini na hauharibiki.

Uko Dar au Mombasa, unapanda juu kila mwezi na familia, barabara ni lami, na mjini kuna gereji unayoiamini: petroli ya tabo itakupa safari nyepesi kuliko zote. Kagua mabomba ya intakula kabla ya kila safari ndefu.

Unabeba mbolea, viazi, mbao au abiria wengi kwenye barabara za vumbi: dizeli, na weka pembeni hela ya noseli tangu siku ya kwanza. Kama mzigo ni wa msimu mmoja tu kwa mwaka, piga hesabu ya kukodi pikapu msimu huo na kubaki na gari la petroli.

Gari unalo tayari, ni dogo, na tangu uhamie huko unaliona zito: anza na ea klina, plagi, throto na kifuniko cha rejeta, soma mgandamizo kama nilivyoeleza, halafu jizoeze kushusha gia kabla mwendo haujakufa. Ukikuta vyote vizima, hiyo ndiyo nguvu yake ya huko, na hela uliyotaka kumpa mtyuni itafaa zaidi kwenye matairi na breki.